Usajili, Cheti, Tuzo au Neno la Jirani: Utambuzi Upi Ukuongoze Unapokarabati Nyumba

Mwenye nyumba wa Kiamunyi, Nakuru, anayetaka kubomoa ukuta kati ya jikoni na sebule, au mwenzake wa Mamboleo, Kisumu, ambaye bafu la ghorofani linavujia chumba cha chini, hukosi kumkuta na makadirio matatu au manne mezani. Ya kwanza yametoka kwa kampuni yenye nambari ya usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi, ya pili kwa fundi mwenye cheti cha NITA, mamlaka inayowatahini mafundi, ya tatu kwa kampuni iliyoipamba barua yake kwa nembo ya tuzo, na ya nne yameandikwa kwa kalamu na fundi ambaye jina lake lilipatikana kwenye kikao cha chama. Bei hazikaribiani, na kila mmoja anajitambulisha kuwa bora. Kinachomkwamisha mwenye nyumba kwa kawaida si bei tu, bali ni kutojua utambuzi upi kati ya huo unajibu swali alilo nalo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Utambuzi wa ubora ni ushahidi, na kila shahidi hueleza alichokiona yeye. Anayesajili kampuni ameziona hati zake. Mtahini ameiona mikono ya fundi kwa muda wa mtihani. Jopo la tuzo, mara nyingi, limeona picha. Anayeandika maoni mtandaoni ameiona kazi siku ya kukabidhiwa funguo, na jirani ameziona mvua zikipita juu ya paa lile. Hakuna aliyeona yote, kwa hiyo hakuna utambuzi unaoweza kumfaa kila mtu kwa kila kazi.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima aina tano za utambuzi kwa maswali yaleyale: ni nani anayetoa na anakagua nini, unamhusu nani, kampuni au mtu mwenyewe, mwenye nyumba atauthibitisha vipi bila kumtegemea anayeuonyesha, unadumu kwa muda gani, na unamsaidia nini kazi ikiharibika. Hayo mawili ya mwisho watu huyasahau, ilhali katika ukarabati ndiyo yenye uzito zaidi.

Sababu ni kwamba anayejenga upya huanza na kiwanja kitupu, lakini anayekarabati hurithi makosa ya aliyemtangulia: nyaya zilizofukiwa ndani ya plasta bila paipu, mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kwa ndani, na katika baadhi ya nyumba za zamani, paa za asbestosi ambazo haifai kumwachia kibarua azivunje kwa nyundo, kwa kuwa NEMA, mamlaka ya mazingira, inataka ziondolewe na watu wenye leseni ya kushughulikia taka hizo. Juu ya hayo kuna ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, kutoka Nyamasaria kuelekea Ahero, hufura unaponyeshewa na kunywea wakati wa kiangazi. Chumba kipya kilichobandikwa kwenye nyumba ya zamani juu ya udongo huo, bila mtu kufikiria namna misingi miwili itakavyokaa pamoja, huachana na nyumba ile palepale kwenye kiungo, ufa ukishuka kutoka kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, hadi sakafuni. Nakuru nako mji umekaa juu ya majivu ya volkano katika Bonde la Ufa, na upande wa magharibi wa mji, hasa Rhonda na Kaptembwo, ardhi imewahi kupasuka baada ya mvua kubwa. Kazi inayong'aa mwezi wa Februari huanza kusema ukweli wake mwezi wa Mei. Ndiyo maana nauliza kila mara: aliyeitambua kazi hii aliiona lini?

Usajili wa NCA

Anayetoa na anachokikagua. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo wengi wetu huiita NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Huwasajili wakandarasi katika madaraja manane, NCA1 likiwa la juu lisilo na kikomo cha thamani ya kandarasi na NCA8 likiwa la chini. Hutazama kama kampuni ipo kisheria, kama ina mtu mwenye elimu ya ujenzi katika uongozi wake, wafanyakazi na vifaa ilivyo navyo, pamoja na uwezo wake wa kifedha. Madaraja haya yanaeleweka vibaya sana mitaani. Hayapimi unadhifu wa kazi. Yanapima ukubwa wa kazi ambayo kampuni inaruhusiwa kuibeba. Mtu anayekataa kampuni ya NCA8 kwa sababu amesikia kuna ya NCA3, wakati anachotaka ni jikoni jipya, anajitafutia gharama asizozihitaji, na huenda kampuni hiyo kubwa ikamtumia kikosi chake cha akiba kwa sababu kikosi cha kwanza kiko kwenye jengo la ghorofa nane.

Unamhusu nani. Unaihusu kampuni. Hauwahusu vijana watakaoingia nyumbani kwako na misumeno, ingawa NCA ina utaratibu mwingine wa kuwatambua mafundi na wasimamizi wa kazi mmoja mmoja, na inafaa kuuliza kama msimamizi utakayeletewa anao utambuzi huo. Usajili pia hutolewa kwa aina ya kazi: majengo, barabara, maji, umeme na kadhalika. Kampuni iliyosajiliwa kwa barabara inaweza kukuonyesha cheti halali kabisa ambacho hakihusiani na nyumba yako.

Kuthibitisha. Hapa ndipo usajili unapozishinda aina nyingine zote. Unaweza kulitafuta jina la kampuni kwenye tovuti ya NCA au kuuliza katika ofisi zake za Nakuru na Kisumu, bila kumwomba mkandarasi chochote. Kikwazo ni kwamba vyeti huazimwa. Mtu asiye na usajili huja na hati za kampuni ya rafiki yake, mkapatana, na siku ya matatizo kampuni ile inasema haikujui. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye usajili ndilo lililo kwenye mkataba, na ndilo linalotokea kwenye simu yako unapotuma pesa. Akikuomba utume kwa nambari yake binafsi kwa sababu paybill, yaani nambari ya malipo ya kampuni, ina shida leo, ahirisha malipo, wala usione haya.

Muda wake. Leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha mwaka juzi hakitoshi.

Kazi ikiharibika. Unaweza kupeleka malalamiko kwa mamlaka, nayo ina uwezo wa kumsimamisha mkandarasi au kumfuta. Hilo linamwadhibu yeye, wala halikurudishii fedha. Fedha zako zinategemea mkataba ulioandikwa, na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekewa siku 60 za kuamua kesi. Kampuni iliyosajiliwa angalau ina jina na anwani za kuandika kwenye hati ya mashtaka, jambo ambalo si dogo.

Unamfaa anayegusa mifupa ya nyumba, yaani kuta zinazobeba, misingi, zege la ghorofa, au anayeongeza chumba. Kazi za namna hiyo huhitaji pia michoro iliyoidhinishwa na kaunti, na mkandarasi aliyesajiliwa anaujua mlango wa kupitia.

Cheti cha ufundi cha NITA

Anayetoa na anachokikagua. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwatahini mafundi kwa nadharia na kwa vitendo katika fani kama uashi, useremala, ufundi bomba, upakaji rangi na ufungaji nyaya. Mtihani wa kawaida una madaraja matatu: daraja la tatu ndilo la mwanzo, la kwanza ndilo la juu. Wenyeji wa Kisumu wanakijua kituo chake cha mafunzo cha KITC. Kinachonipendeza katika mtihani huu ni kwamba haumuulizi mtu alisoma shule gani. Fundi aliyejifunza kwa kumbebea mjomba wake mwiko na timazi kule Mumias, bila kumaliza darasa la nane, anaweza kuketi mtihani huo akatoka na karatasi ya serikali. Siku hizi kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao NITA na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, zinauendeleza, na naona utawafaa mafundi wazee wengi ambao kazi zao zinajulikana lakini mifuko yao haina cheti.

Unamhusu nani. Unamhusu mtu mmoja, mikono yake mwenyewe. Huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake. Fundi wa daraja la kwanza anaweza kuja siku ya mapatano na siku ya kuonyesha kazi, na katikati akawaachia wanagenzi. Basi swali la kumuuliza si kama ana cheti, bali ni nani atakayeshika mwiko siku ya Jumatano.

Kuthibitisha. Omba kukiona cheti chenyewe pamoja na kitambulisho, ulinganishe majina, kisha uulize NITA ukiwa na shaka. Picha ya cheti kwenye simu si kitu cha kutegemea.

Muda wake. Cheti cha ufundi hakihuishwi kila mwaka kama leseni. Aliyefaulu zamani na kuiacha kazi kwa muda mrefu bado anacho, na aliyefaulu kabla ya vigae vikubwa vya sentimita 60 kuenea majumbani hakutahiniwa navyo.

Kazi ikiharibika. Cheti hakikupi dai lolote. Kinapunguza tu uwezekano wa kuharibika.

Ufafanuzi mmoja unahitajika kuhusu umeme. Kwa kazi hiyo cheti cha ufundi peke yake hakitoshi: fundi wa umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, yenye daraja linalolingana na kazi anayoifanya, na leseni hiyo inaweza kuthibitishwa. Sioni nafasi ya kubishana hapa. Kakamega na Kisii, ambako radi ni jambo la kila msimu, waya wa ardhini uliofungwa ovyo ni hatari kwa kila anayegusa friji.

Cheti hiki kinamfaa anayehitaji fani moja au mbili, kwa mfano kubadilisha vigae, siling, makabati au mabomba, naye yupo nyumbani kusimamia.

Tuzo za ushindani

Anayetoa na anachokikagua. Tuzo za ukarabati wa nyumba zimekomaa zaidi Marekani, na inafaa kuzitazama kwa sababu zinaonyesha kwamba chini ya jina moja la tuzo kuna mambo matatu tofauti. Chama cha wakarabati cha NARI hutoa tuzo za Mkandarasi wa Mwaka: kampuni yenyewe hupeleka mradi wake, ikaambatanisha picha na maelezo, na jopo la wanataaluma hukadiria jinsi tatizo lilivyotatuliwa na kazi ilivyotekelezwa. Jukwaa la mtandaoni la Houzz, lililoanzishwa mwaka 2009, hutoa beji zake kwa makundi matatu, yaani ubunifu, huduma kwa wateja na upigaji picha, na kundi hilo la tatu likukumbushe kwamba beji inaweza kuwa imetolewa kwa picha nzuri. Kampuni ya GuildQuality nayo hutoa utambuzi wake kwa kuwauliza wateja waliokwisha kuhudumiwa. Mshindi wa kwanza amesifiwa na wenzake, wa pili na jukwaa, wa tatu na waliomlipa.

Kuna pia tuzo inayofanya kile ninachokitamani. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kutolewa kila miaka mitatu, huwatuma wakaguzi hadi kwenye miradi iliyoteuliwa, na hutaka jengo liwe limetumika kwa angalau mwaka mmoja kamili kabla ya kushindanishwa. Mwaka mmoja maana yake ni masika moja na vuli moja. Haihusu jikoni la mtu wa mtaa wa Section 58, Nakuru, najua, lakini kanuni yake inaweza kuazimwa na mwenye nyumba yeyote bila malipo.

Kwetu Kenya, tuzo za wanataaluma humwangalia zaidi msanifu na mchoro wake kuliko fundi na mwiko wake. Pembeni yake kuna utitiri wa tuzo za karamu, ambapo anayeteuliwa huombwa anunue meza ya chakula cha jioni au alipie kibao chenyewe. Sisemi kila anayelipa ada ya kushiriki amenunua ushindi, kwa kuwa mashindano ya heshima pia hutoza ada ili kulipia waamuzi. Tofauti ni kama aliyelipa anaweza kushindwa.

Unamhusu nani. Unauhusu mradi mmoja. Aliyeshinda kwa kukarabati nyumba ya kifahari ya Riat, Kisumu, kwa bajeti isiyo na mwisho hajaonyesha atakavyoishi na bajeti yako.

Kuthibitisha. Muulize jina la tuzo, mwaka, kundi aliloshinda na mradi ulioshinda, kisha uombe kuupeleka mguu wako kwenye mradi huo. Mwenye tuzo ya kweli hufurahia maswali haya.

Muda wake ni mrefu kupita kiasi. Kibao hubaki ukutani hata baada ya mafundi walioifanya kazi ile kuhama kampuni, na kazi ikiharibika hakikusaidii chochote, isipokuwa kwamba mwenye jina la kulinda huenda akarudi upesi kurekebisha.

Tuzo inamfaa anayetafuta ubunifu: mwenye bangalo la zamani la mawe lenye vigae vya udongo paani, kwa mfano, ambaye anaogopa kuharibiwa sura ya nyumba kuliko anavyoogopa gharama.

Nyota na maoni ya mtandaoni

Huku nitapita upesi. Maoni ya Google na makundi ya Facebook hutolewa na wateja, au na watu wanaojiita wateja. Huihusu kampuni kwa jumla. Huthibitika kwa shida. Na mengi huandikwa wiki ileile ya kukabidhiwa kazi. Video fupi za kabla na baada zinavutia, lakini kamera haisikii kigae kilicho tupu chini yake. Faida yake moja ambayo aina nyingine hazina ni kwamba hapa ndipo mkandarasi hujibu malalamiko hadharani. Mimi husoma maoni yenye nyota mbili na tatu kwanza, kisha majibu yake. Anayejibu kwa matusi leo atakujibu vivyo hivyo bomba likipasuka. Zinamfaa mgeni aliyehamia mjini juzi, asiye na mtu wa kumuuliza, kama mahali pa kuanzia tu.

Neno la jirani na kazi inayoonekana

Anayetoa na anachokikagua. Hutolewa na mtu aliyelipa fedha zake na anayeishi ndani ya matokeo. Ndiye shahidi pekee aliyeona kazi ikizeeka. Udhaifu wake ni kwamba hajui kila anachokiona: anaweza kumsifu fundi kwa sababu alikuwa mpole na hakuiba saruji, sifa zinazofaa kweli, bila kujua kwamba sakafu ya bafu haina mteremko.

Ndiyo maana sifa ya mdomo haitoshi mpaka uende ukaione kazi, tena ukiwa umebeba sarafu. Gonga kigae kimoja kimoja kwa ukingo wa sarafu ya shilingi ishirini, kuanzia pembe za chumba ambako mafundi huchoka. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mzito. Kilichowekwa juu ya madonge machache ya saruji hutoa mlio wa wazi, na hicho ndicho kitakachopasuka siku mtu akiburuta meza. Bafuni omba ndoo ya maji, uyamwage mbali na tundu la kutolea maji, kisha usimame uangalie. Yakielekea kwenye tundu yenyewe, fundi alijua kazi. Yakitulia mlangoni, mwenye nyumba anapiga deki kila asubuhi na pengine amekwisha kulizoea jambo hilo. Tazama siling chini ya bafu la juu na chini ya kiungo cha paa jipya na la zamani: duara la rangi ya chai ni maji, hata likiwa kavu, na duara lililopakwa rangi upya ni maji yaliyofichwa. Fungua na ufunge milango iliyo karibu na ukuta uliobomolewa. Mlango unaokwaruza sakafu baada ya mvua unaeleza habari za linta au za msingi kuliko mtu yeyote atakavyokueleza.

Unamhusu nani. Unamhusu fundi na kikosi alichokuwa nacho wakati ule. Uliza kama ni walewale.

Kuthibitisha ni kwa macho yako, na hilo linahitaji mwenye nyumba akubali kukufungulia. Wengi wa huku hukubali ukienda na mtu wanayemfahamu, na ukienda mchana.

Muda wake. Kazi ya miaka miwili ni ushahidi bora kuliko ya mwezi jana. Fundi asiye na hata nyumba moja ya zamani ya kukuonyesha si lazima awe mbaya, huenda ni kijana anayeanza, lakini bei yake iakisi hilo.

Kazi ikiharibika. Hapa pana utata. Fundi anayeishi mtaani hawezi kutoroka kwa urahisi, na aibu mbele ya waumini wenzake humrudisha kazini kuliko barua ya wakili. Lakini akiwa ni mtoto wa dada ya shemeji yako, wewe ndiwe utakayeshindwa kudai. Nimeona watu wakiishi na sinki lililopinda kwa heshima ya ukoo. Ukimwajiri wa nyumbani, muandikiane pia, tena kabla ya mwiko kugusa saruji, na mtu mzima mmoja awe shahidi. Hatachukia. Akichukia, amekusaidia kuamua.

Unawafaa wengi kwa kazi za kawaida, hasa penye mtu wa kusimamia. Hauwafai wanaogusa mifupa ya nyumba kama ndio utambuzi pekee walio nao.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa unabadilisha rangi, siling au vigae peke yake, na unaishi ndani ya nyumba hiyo, anza na neno la jirani na jaribio la sarafu, kisha cheti cha NITA kikate shauri kati ya mafundi wawili wanaokaribiana. Usajili wa NCA hapa ni wa ziada, na usilipie zaidi kwa ajili yake.

Ikiwa unakarabati bafu au jikoni, ambako maji na umeme hukutana, huna budi kuchanganya: fundi bomba mwenye cheti, fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, na angalau bafu moja la zamani la kwenda kumwagia maji. Tuzo haitakupa lolote hapa.

Ikiwa unabomoa ukuta, unaongeza chumba au unapandisha ghorofa, usajili wa NCA na idhini ya kaunti vitangulie, na mhandisi autazame ukuta kabla nyundo haijaugusa. Walio juu ya udongo mweusi wa Kano wamuulize mkandarasi swali moja la ziada: msingi mpya utakutana vipi na wa zamani? Jibu lisilo na mchoro, hata kama ni wa penseli, halitoshi.

Paa la asbestosi linaamua mambo yenyewe. Mtafute kwanza mwenye leseni ya kuliondoa, kisha ndipo umtafute wa kuezeka.

Kwa anayekarabati nyumba ya wazazi Vihiga au Siaya huku yeye yuko Nairobi au Qatar, neno la jirani hupoteza nguvu kwa sababu hana macho pale, na mara nyingi jirani, fundi na msimamizi ni ndugu. Yeye namshauri achukue kampuni iliyosajiliwa hata kama ni ghali kidogo, alipe kwa hatua zilizokamilika, na amlipe mtu asiye wa ukoo kwenda kukagua kila hatua kabla ya pesa kutumwa.

Mwenye nyumba za kupangisha Pipeline au Nyalenda ana haja tofauti: kazi ileile inarudiwa vyumba kumi na viwili. Ampe fundi mwenye cheti chumba kimoja, apangishe, asubiri malalamiko ya mpangaji, ndipo ampe vilivyobaki. Hakuna utambuzi utakaomwambia mengi kuliko chumba hicho.

Mwenye nyumba ya zamani yenye sura inayostahili kutunzwa, iwe Milimani ya Nakuru au ya Kisumu, azipe tuzo uzito zaidi kuliko wengine wote niliowataja, alimradi mradi ulioshinda ulikuwa wa nyumba ya zamani na amekwenda kuuona.

Na ikiwa wawili wamebaki sawa kwa kila kigezo, linganisha masharti yao ya malipo ya mwisho. Mikataba mingi ya ujenzi huzuia sehemu ya fedha, kwa kawaida asilimia 10 au chini yake, hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Waulize wote wawili kama watakubali sehemu hiyo ikae mpaka masika yapite, na uandike majibu yao kwenye mkataba kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza.